Mtoto Asiyetumwa

Nusu ya maisha yangu nimekula kwa kuuliza watu maswali yasiyonihusu. Kazi hiyo ina jina la heshima, mdadisi, na ina kofia, mkoba, na siku hizi kishikwambi, lakini ukiyaondoa hayo kinachobaki ni umbeya wenye kibali. Nimeizunguka Bagamoyo yote nikiuliza nani kalala ndani ya chandarua, nani kanawa mikono alipotoka chooni, mtoto kaachishwa ziwa mwezi wa ngapi. Watu wa pwani ni wastaarabu, hawakwambii ondoka. Wanakukaribisha mkekani, wanakupa maji ya kunywa, halafu wanakudanganya kwa adabu mpaka dodoso linakwisha.

Utafiti wangu wa mwisho ulihusu watoto wanaolelewa na familia zisizo zao. Kwa lugha ya serikali hayo yanaitwa malezi ya kambo, na aliyelichagua jina hilo sijui alikuwa amegombana na nani, maana hakuna mtoto asiyejua mama wa kambo kwenye hadithi huwa ni mtu wa namna gani. Watafiti walitaka kujua kwa nini baadhi ya watoto hawa wanatulia wanakopelekwa, na baadhi wanarudishwa kwenye makao ya watoto baada ya miezi michache. Swali zuri sana. Wakalivunjavunja likawa maswali mengi madogo, kila dogo likapewa kisanduku chake cha kuweka alama, mimi nikapewa kuanzia Mapinga hadi Vigwaza.

Kulikuwa na sehemu nzima inayohusu kazi. Je, mtoto huteka maji? Je, huosha vyombo? Je, hutumwa dukani au kwa majirani? Kila ndiyo ilimpunguzia mlezi alama. Na nisiwe mnafiki, sehemu ile haikuandikwa na wajinga. Mapinga niliingia nyumba moja yenye vigae na geti la kuteleza, mlezi akanijibu hapana, hapana, hapana, huku binti mwenyewe anapita nyuma yake, mara na ndoo, mara na sufuria, mara na mtoto mchanga mgongoni. Watoto wa nyumba ile walikuwa kwenye kochi wanatazama katuni. Niliandika niliyoyaona, si niliyoambiwa, na nilitoka pale nimekasirika. Binti yule alihamishwa baadaye, alhamdulillahi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia nadharau kanuni za kumlinda mtoto na kazi.

Kosa langu lilikuwa jingine kabisa. Niliumaliza utafiti ule nikiamini kwamba sasa najua.

Nikamwambia mume wangu na sisi tuchukue mtoto. Mume wangu anatengeneza majokofu, na huwa haongei mpaka kitu kiharibike. Alinitazama, akatazama lile daftari langu nene la utafiti, akasema nyumba yetu si maabara. Nikamwambia asiwe na roho mbaya. Tukajaza fomu, tukakaguliwa choo na madirisha, tukakaa kwenye mafunzo siku tatu tukila vitumbua vya semina, na mwisho tukaletewa binti wa miaka tisa kutoka makao ya watoto. Habari za wazazi wake ni mali yake, sitaziandika hapa. Alikuja na begi la shule, kandambili, na shikamoo safi iliyonyooka. Nilimwitikia marahaba huku moyo unanidunda mithili ya bibi harusi.

Mwanangu we, nilivyomlea mtoto yule! Nilimlea kwa dodoso. Lilikuwa linauliza kama mtoto ana kitanda chake, basi nikampa kitanda na chandarua kipya, pacha wangu wa kike wa miaka kumi na mmoja wakabanana kwenye kimoja huku wakinung'unika. Lilikuwa linauliza kama anapata fungu lake la chakula. Sisi tunakula kwenye sinia, mikono yote pamoja, atakayezubaa shauri yake. Yeye nikamwekea sahani yake ya udongo yenye maua, na kipande cha samaki cha katikati kisicho na miba. Lilikuwa linauliza kama anafokewa, nikapiga marufuku mtu kumpandishia sauti. Na lilikuwa linauliza kama hutumwa. Hakutumwa. Hata kijiko kilichoanguka miguuni pake nilikiokota mwenyewe, na mgongo wangu huu.

Sasa mimi kwa kutuma, nikwambie ukweli, ndiyo maradhi yangu. Mwanamke wa kwetu akiwa na watoto hana haja ya miguu. Pacha wale tangu wamejua kutembea nawatuma: nenda kwa fulani kaazime kinu, nenda kamwambie bibi yenu nitachelewa, peleka hii bakuli ya futari, rudisha ile bakuli ya juzi. Na mtoto wa hapa ana utaratibu wake akifika mlangoni kwa watu. Hodi, shikamoo, halafu kabla hajasema anachotaka anataja aliyemtuma. Baba kaniagiza. Bibi kasema. Asipotaja, anaulizwa yeye ni wa nani. Kwa hiyo kutwa nzima nyumba yangu ilikuwa pacha wanatoka, pacha wanaingia, na yule binti amekaa kwenye ngazi ya baraza, mikono juu ya magoti, kama anasubiri kuitwa na daktari. Kwenye daftari langu niliandika: mtulivu.

Wiki ya pili mmoja wa pacha aliniuliza kama huyu mtoto ni mgonjwa. Nikamwambia si mgonjwa. Akauliza basi atakuwa mgeni mpaka lini. Nikamfukuza akachote maji.

Dodoso lile lile ndilo ustawi wa jamii walilolitumia kukagua walezi, kwa hiyo safari hii nilijijazia mwenyewe, na kuna swali moja tu nililoshindwa kulijibu. Mtoto humwitaje mlezi? Mafunzoni walitukataza kumlazimisha mtoto atuite mama au baba, na mimi ni mtu wa kufuata mafunzo. Nikangoja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, binti yule hakuniita kitu chochote. Si mama, si shangazi, si wewe. Akinihitaji alikuwa anakuja kusimama karibu yangu, ananyamaza mpaka nigeuke. Wakati mwingine nilimkuta kasimama na sijui kasimama toka saa ngapi. Swali lile nililiacha tupu, nikajiambia ni mapema.

Mwisho wa mwezi wa tatu akaja afisa ustawi wa jamii. Kijana kutoka bara, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Akapitia majibu yangu ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Mama, sijaona bado nyumba yenye alama safi namna hii." Loo, nilivyovimba kichwa! Nikamkaribisha chai, nikamkatia na mkate wa kumimina. Kisha akaomba azungumze na mtoto peke yake, akaenda naye baraza ya nyuma. Peke yake kwa kanuni, maana dirisha la jikoni linafungukia pale pale, nami nilikuwa na kitunguu cha kukata. Nilishasema kazi yangu ni umbeya.

Alimuuliza kama anapigwa. Hapigwi. Kama anashiba. Anashiba. Kama wenzake wanamsumbua. Hawamsumbui. Akamuuliza basi kama angependa kuendelea kukaa hapa au arudi makaoni. Nilikuwa nakata kitunguu kile kwa madaha kabisa, nangoja kusifiwa.

"Nirudi," akasema.

Afisa akauliza kwa nini, kwa upole.

"Kule napiga kengele."

Kengele gani? Ya chakula. Ilikuwa zamu yake tangu ana miaka saba, akasema, wamempa yeye kwa sababu hasahau. "Nisipopiga, watu hawali," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Hapa hata nisipokuwepo wanakula."

Sitajipamba. Kitu cha kwanza nilichohisi si huruma, ni hasira. Vipande vyote vile vya samaki! Kitanda! Chandarua! Nilitaka kutoka na kisu changu cha vitunguu nimuulize ni nani kwenye nyumba hii anayekula vizuri kuliko yeye. Halafu hasira ikaishiwa nguvu, na kilichokuja nyuma yake kikaniuma vibaya. Nilikuwa nampenda mtoto yule. Nilikuwa nimejiaminisha nampima, kumbe nampenda, na yeye alikuwa anaondoka. Nilishukuru Mungu kwa kile kitunguu.

Afisa alinieleza kibarazani, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Kauli ya mtoto ina uzito, akasema, hawezi kuipuuza. Atarudi baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, amuulize tena lile swali moja. Akijibu vilevile, ataondoka naye siku hiyo hiyo.

Jioni nilimsimulia mume wangu. Alikuwa na kompresa ya jokofu la watu mapajani.

"Mpe kazi," akasema.

Nikamwambia hairuhusiwi.

"Basi mpe kengele," akasema, akarudi kwenye kompresa yake.

Nilikasirika, lakini nililala na maneno hayo. Asubuhi nikalifungua dodoso, nikalisoma kama vile sijawahi kuliona. Likaniuliza kama mtoto hutumwa. Halikuniuliza kama wengine nao wanatumwa. Yule binti wa Mapinga alitumwa peke yake, na huyu wangu aliachwa peke yake, na karatasi ile haikuwa na namna ya kuona kwamba wote wawili wamewekwa nje. Niliwaandikia watafiti barua ndefu yenye hasira kidogo. Swali lenyewe wakaja kuliongeza baadaye sana, kwa maneno marefu kuliko yangu, na bila kunishukuru.

Lakini wiki mbili ni wiki mbili, na mimi nikazianza kwa akili za semina. Siku ya kwanza nikamwambia binti aende dukani akalete chumvi. Akanyanyua kifuniko cha kopo, akachungulia, akasema chumvi ipo. Ilikuwapo, kopo limejaa. Siku iliyofuata nikamtuma kiberiti, nacho kiko mkononi mwangu, wallahi, nimekishika. Akakitazama, kisha akanitazama kwa heshima. Nikampa zamu ya kupanga viatu mlangoni. Alivipanga kwa dakika moja, jozi kwa jozi, akarudi kwenye ngazi yake. Mtoto aliyelelewa makaoni anaijua kazi ya kweli na ya kubuni, maana wafadhili wakija kutembelea huwa wanapewa zile za kubuni.

Mwishoni nikafanya kituko kikubwa kuliko vyote. Nikanunua kengele. Kijikengele cha shaba, nilikipata kwa muuza vinyago anayeviuzia watalii, nikakitundika mlango wa jikoni, nikamwita nikamwonyesha huku natabasamu meno yote. Pacha walicheka mpaka wakakaa chini. Binti alikigusa kwa kidole, kikalia kidogo.

"Tuko watano tu," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananionea huruma.

Ijumaa ikafika. Shule zilikuwa zimefungwa, na pacha nilikuwa nimewapeleka Kaole kwa shangazi yao tangu jana yake, wasije wakaniharibia mambo kwa midomo yao. Mume wangu alikuwa ameshakoga, amevaa kanzu, ameenda msikitini. Mimi nilikuwa nimeamua kuihonga serikali kwa wali wa nazi na mchuzi wa changu. Kama mtoto anaondoka, aondoke ameshiba, na yule kijana ajue ametoka kwa watu. Nilikuwa nimeosha mchele kwa machozi karibu sawa na maji.

Afisa akaja saa nzima kabla ya wakati, kama kawaida ya watu wenye habari mbaya. Akakaa kibarazani, faili mapajani. Binti alikuwa kwenye ngazi yake, begi lake la shule pembeni. Alikuwa ameshafungasha. Niliona lile begi, nikarudi jikoni haraka nisiadhirike.

Nazi mbili nimezivunja. Mchele umeshachujwa maji. Moto umekolea. Nikanyoosha mkono nyuma ya mlango kuchukua mbuzi ya kukunia nazi, hakuna. Nikatafuta uvunguni, hakuna. Ndipo nikakumbuka: iko kwa jirani. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu kutoka bara, Mkristo mwenye sauti kubwa ya kwaya, alipohamia hapa hajui hata mbuzi inakaliwa upande gani. Mimi ndiye niliyemfundisha. Akajifunza vizuri mno, akaazima, na tangu hapo kila nikimdai ananiambia kesho. Moto ukanipanda kichwani. Hofu ya wiki mbili, begi lile mlangoni, afisa kaja mapema, na sasa hata wali siwezi kupika! Sikufikiri. Nilifungua mdomo kama ninavyoufungua siku zote.

"We! Hebu kimbia kwa mwalimu kanichukulie mbuzi yangu, mwezi wa pili huu kaing'ang'ania kama kaachiwa urithi!"

Nikasikia kandambili, pa pa pa, zinakata uwanja. Nikatoka mbio mlangoni. Ngazi ilikuwa tupu. Kandambili moja imebaki chini kwenye mchanga, na begi pale pale.

Ndipo nikakumbuka kwamba kibarazani kuna serikali. Afisa alikuwa ameshafungua faili, kalamu mkononi, na ukurasa ule niliutambua hata kwa mbali, nimeujaza mara nyingi mno kwenye nyumba za watu. Nimemfokea mtoto na nimemtuma, kwa pumzi moja, mbele ya shahidi.

"Weka ndiyo," nikamwambia. "Zote mbili."

Hakuandika. Aliniuliza kama tumeshakula. Nikamwambia hatujala na hatutakula mpaka mbuzi ije, maana nazi haijikuni. Tukakaa. Yeye anatazama kandambili, mimi natazama njia. Kwa mwalimu si mbali, ni kuvuka uwanja na kupita mchongoma. Nikaanza kuwaza kwamba amekimbia moja kwa moja, ameenda zake barabarani, na mimi ndiye niliyempa sababu.

Akatokea kwenye mchongoma, mbuzi kaikumbatia, mguu mmoja mtupu. Na nyuma yake mwalimu mwenyewe, kajifunga khanga kiunoni, anakuja kwa hatua za mtu mwenye kesi.

"Jirani, ndivyo unavyofundisha watoto?" akaanza akiwa hajafika. Hakumwona hata afisa. Akasema yeye ana wageni wake wa kwaya sebuleni, watu wazima wenye heshima zao, mtoto huyu kaingia kabisha hodi, kaamkia vizuri, yeye kamwitikia. Halafu kasimama katikati ya mlango, kamwambia mbele ya watu kwamba ameing'ang'ania mbuzi mwezi wa pili kana kwamba kaachiwa urithi. Miaka yote aliyofundisha, akasema, hajapata kutukanwa na mtoto wa umri ule kwa sauti iliyotulia namna ile.

Binti alitupita sote, akaingia jikoni.

"Kasemaje?" nikamuuliza mwalimu.

"Si nimekwambia! Kasema mwezi wa pili huu..."

"Hapana. Mwanzo. Alianzaje?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na mashetani. Nimemtukanisha, na sasa nataka nisomewe matusi tangu bismillahi.

"Alianza kama wanavyoanza watoto wote," akasema. "Mama kasema."

Nikakaa kwenye ngazi. Nilimwomba mwalimu radhi, nikamwomba tena, na nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja hata yeye akaogopa, akaniuliza kama nina presha. Afisa alikuwa ameinua kalamu haiandiki. Alijua lile swali tupu liko ukurasa gani, maana alikuwa ameligeukia.

Jikoni kukaanza kusikika sauti ya nazi inakunwa. Tukaenda mlangoni wote watatu. Binti alikuwa ameitanua mbuzi, ameikalia vizuri upande unaotakiwa, kifuu kakishika kwa mikono miwili, nazi nyeupe inaanguka kwenye bakuli. Hakugeuka kututazama.

Afisa akachuchumaa mbele yake. Kijana wa watu ilibidi aifanye kazi yake.

"Mwanangu, unakumbuka nilisema nitakuja kukuuliza lile swali..."

"Subiri kwanza," akasema, na kukuna anakuna. "Watu hawajala."

Afisa akanyanyuka, akarudi kibarazani kusubiri. Mwalimu naye, ambaye hakuna aliyemwalika na aliyekuwa na wageni kwake, akavuta mkeka akakaa.